Vidole Viwili vya Kitako

Eagan, Minnesota
16 Machi 2025

Mjomba wangu Callixte,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine kwa siku zote ambazo sikukuamkia, maana zimekuwa nyingi.

Sisi tuko wazima. Heri bado yuko ghalani kwake, anapanga maboksi ya watu wasiomjua, na mgongo unamsumbua lakini ukimuuliza anasema hapana. Reine ametimiza miaka kumi na mmoja, na kiatu chake sasa kinanizidi mimi. Kiswahili anakisikia chote, hasa nikimsengenya, ila kujibu anajibu kwa Kiingereza. Nimemlazimisha akuandikie salamu. Utaziona chini kabisa, na mchoro wake. Huyo mwenye kofia ni wewe.

Chumba chako kiko vilevile. Shuka tulizotandika mwezi wa kwanza, ile wiki uliyokuwa uje, bado ziko kitandani. Tangu safari za wakimbizi zisimamishwe, zikiwa zimebaki siku tisa tu uingie kwenye ndege, sijapata neno jipya. Nikilipata nitakuandikia siku hiyohiyo. Basi hilo tuliache.

Sasa jambo lililonifanya nikae mezani na theluji hii yote dirishani. Mjomba, nataka kununua bunduki. Usiangushe karatasi, nisikilize kwanza. Ni bunduki ndogo, ya kuwindia kindi. Kule ninakotunza wazee, Woodbury, kuna mzee mmoja anaitwa Arvid, ana miaka tisini na moja. Watoto wake hawaji kumwona, na kichwani mwake kimebaki kitu kimoja tu kilicho safi: kindi. Nikimwogesha ananieleza kindi. Nikimvalisha soksi, kindi. Anasema anayetaka nyama na si kelele anunue bunduki ya ishirini na mbili, ile ambayo risasi yake hugongwa ukingoni mwa kitako cha ganda lake na si katikati. Inalia kidogo tu, na bega haliumii.

Lakini ziko aina nyingi, na mimi sijui kuchagua. Kuna za komeo, unafungua na kufunga kwa mkono kila risasi. Kuna zinazojipakia zenyewe. Na kuna risasi nyembamba zaidi, ya kumi na saba, inayokwenda kasi mno. Nani mwingine nimuulize kama si wewe uliyenilisha kindi porini nikiwa sina meno ya mbele? Niambie ipi.

Ni kwa ajili yangu mwenyewe, usiwaze mengine.

Mpwa wako,
Bernardine


Kambi ya Nyarugusu, Kigoma
4 Mei 2025

Mpwa wangu Bernardine,

Marahaba, na marahaba ya pili. Barua yako ilikaa parokiani Kasulu wiki tatu kwa sababu padre alikuwa safarini, kisha ikanifikia imefunguliwa na kufungwa tena kwa gundi nzuri kuliko ya kwanza. Watu wana heshima siku hizi.

Nilikuwa na homa, imekwisha. Mvua imenichukulia upande mmoja wa paa, vijana wa kanisa wamenirudishia. Bado nawaandikia watu barua zao kila Jumanne, ukatekista umeniachia kazi hiyo moja. Mchoro wa Reine nimeubandika ukutani juu ya kitanda. Mwambie kofia imenipendeza, ila miguu amenipa mirefu mno.

Kuhusu safari sina la kusema, na wewe usiniulize.

Tuje kwenye bunduki yako. Umekaa Amerika miaka kumi na miwili, ndiyo kwanza njaa imekushika? Nilicheka mpaka jirani yangu Mama Kasika akaja kuuliza kama nimepata barua ya ofisi ya safari. Sheria ya nyumbani unaijua: mwanamke haruki wavu wa kuwindia wala hashiki gobole la mwindaji. Lakini wavu uko wapi leo? Na mbwa wako wapi? Basi sheria nayo imebaki haina pa kukaa. Nakuruhusu.

Sijawahi kushika bunduki ya dukani, mwindaji wa gobole ni mwindaji wa risasi moja na moshi mwingi. Lakini kindi namjua. Mnyama mdogo unamlenga kichwa, au humlengi kabisa. Ukimpiga kifuani umeharibu nyama, umebaki na mkia wa kuwaonyesha watoto. Kwa hiyo hiyo risasi ya kumi na saba iache, mbio zote hizo inamkimbilia nani? Na hiyo inayojipakia yenyewe iache pia. Itakuzoesha kukosea, kwa kuwa risasi ya pili iko tayari. Chukua ya komeo. Kila ukifungua na kufunga unapata muda wa kujiuliza kama ulistahili kupiga.

Nieleze kindi wa huko wana ukubwa gani, wanakula nini, na mnawapiga kwa umbali gani. Hapa haturuhusiwi kutoka kwenda porini, hata kuni ni ugomvi. Juzi kindi mmoja alipita juu ya paa la zahanati. Nilisimama pale hadi muuguzi akadhani nimekuja kutibiwa.

Na usisahau: kidari cha mnyama wako wa kwanza ni cha mjomba. Usikile.

Callixte


Eagan
22 Juni 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako ilichukua wiki tano, na nimeisoma mara nyingi kuliko siku hizo. Heri anakusalimu, mgongo sasa amekiri. Huku ni kiangazi, jua linakataa kuzama, na Wakongo wote wa hapa wamehamia kwenye bustani za umma na majiko yao ya mkaa. Jumamosi nilikwenda hadi Cedar-Riverside kutafuta majani ya muhogo, nikarudi na pilipili tu.

Lakini mwandiko wako una nini? Wewe uliyetuchapa vidole kwa mstari uliopinda, sasa mistari yako yote inapanda mlima kwenda kulia, na wa mwisho umeangukia nje ya karatasi. Umeandikia gotini?

Kindi wa huku ni wakubwa, Mjomba, mmoja ni kama wawili wa kwetu. Wengine wa kijivu, wengine wekundu wa manjano. Wanakula mbegu za mwaloni, wanafukia ardhini kisha wanasahau walipofukia. Arvid anasema hatua thelathini, zaidi ya hapo ni majivuno. Nilimsomea barua yako nikimtafsiria. Pale pa kichwa na kifua aligonga mkono wa kiti na kusema, "Huyo mtu anajua." Sasa kila asubuhi ananiuliza kama umefika. Namwambia bado.

Nilikwenda dukani na Heri, naye akasimama mlangoni kama mtu aliyesindikiza mgeni msalani. Huyo, tangu vita, bunduki hazitazami hata kwenye televisheni. Muuzaji alinishikisha tatu. Ya kwanza ilikuwa ya plastiki, nyepesi, nikahisi nimeshika jembe la mtoto. Ya pili ilikuwa na darubini kubwa juu yake, sikuona kindi bali sikio la muuzaji. Ya tatu ina komeo, ina kitako cha mti, mti hasa wenye mishipa. Nilipoiweka begani nilinusa mafuta ya kitani, na harufu ile ikanirudisha kwako, kwenye usiku uliokuwa ukipaka gobole mafuta. Nilikaa chini, muuzaji akaniletea maji.

Hata hivyo sijanunua. Arvid anasema bunduki ni kama koti, lazima ilingane na mwenyewe. Unapima kutoka kwenye kiwiko ukikikunja hadi ncha ya kidole cha shahada. Sasa nina ombi. Pima mkono wako unitumie kipimo. Arvid anasema watu wa ukoo mmoja hulingana mikono, kwa hiyo nikijua wako nitahakikisha wangu.

Mimi na Reine tumeandikishwa darasa la uwindaji salama, huku huwezi kupata kibali bila hilo. Darasa zima ni watoto na mimi.

Bernardine


Nyarugusu
17 Agosti 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua hii anakuletea Bagalwa wa kanisa lenu, aliyekuja kumwona mama yake. Ni kijana mwema, ila anaongea. Usiamini kila atakalokuambia.

Niko salama. Mama Kasika ameolewa tena, fikiria, kwa umri ule, na harusi ilikuwa na soda. Gotini ndiko nilikoandikia, umepata. Meza imeliwa na mchwa.

Mkono wako na wangu ililingana lini? Marehemu dada yangu, mama yako, alikuwa akifika hapa kwenye kwapa langu, na wewe humfikii yeye. Lakini umeomba kipimo, na mimi sikunyimi kitu. Ndani ya bahasha utaona uzi. Fundo la kwanza ni kiwiko, la pili ni ncha ya kidole. Aliyepima ni mume mpya wa Mama Kasika, ambaye alikuwa fundi cherehani, hivyo ni kipimo cha kuaminika.

Hiyo ya tatu, ya mti, ndiyo. Ulijua mwenyewe ukiwa bado dukani. Kitako cha gobole langu nilikichonga kwa mninga, siku kumi na moja, nikakisugua kwa majani makavu hadi kikawa laini kama shavu. Sikuandikii zaidi ya hapo.

Nauliza tu, kwa kutaka kujua: hizo bunduki za komeo, komeo lote huwa upande wa kulia? Kuna watu wa mkono wa kushoto huko Amerika, naamini. Wao wanafanyaje? Mtu akitaka kulengea bega la kushoto na jicho la kushoto, kuna ya kwake? Si lazima unijibu, ni udadisi wa mzee asiye na kazi.

Majani ya mialoni yakianza kuanguka, kaa chini ya mti ukiwa umeegemea shina, usitembee. Kindi atakuona na kukaripia. Muache akaripie. Atachoka kabla yako, na akitulia atasahau kama upo.

Callixte


Eagan
28 Septemba 2025

Mjomba,

Shikamoo. Leo salamu zitakuwa fupi, na utanisamehe. Sote tuko hai na tunakula.

Bagalwa alifika mwanzoni mwa mwezi. Ulisema nisiamini kila kitu, kwa hiyo nilimuuliza mara tatu, na mara zote tatu alisema lilelile. Alisema ulipompokea uligeuza kichwa chote ili umwone. Ulimmiminia chai pembeni ya kikombe, ukaendelea kumimina huku ukimuuliza habari zangu, na yeye kwa aibu akaiacha imwagike. Alisema jicho lako la kulia ni jeupe.

Nilichukua barua zako zote mbili nikazitandaza kitandani kwako. Mistari ile. Na mimi nakuandikia utani wa goti. Nililia, Mjomba, nililia hadi Reine akaja akakaa kando yangu.

Sasa na mimi nikwambie langu, maana tumekuwa watu wawili wanaodanganyana kwa stempu. Bunduki haikuwa yangu hata siku moja. Mimi na kindi wapi na wapi? Niliifikiria ile wiki uliyokuwa uje. Nilijiuliza: huyu mzee nitamleta kwenye ghorofa ya pili, akae dirishani atazame magari, afe kwa baridi na kwa kukosa shughuli? Nikasema hapana. Atakuta bunduki nyuma ya mlango, siku ya kwanza ya vuli nitampeleka msituni na chupa ya chai, naye atakuwa yeye tena. Ndiyo maana niliomba mkono wako.

Na kuna lingine. Nakumbuka mto Mutambala, siku tulipokimbia vita, ingawa nilikuwa na miaka tisa na wewe unadhani nimesahau. Maji yalikuwa yanakufika kifuani. Ulikuwa na gobole mkono mmoja, na mimi nilikuwa nalia sitaki kuingia. Ulinitazama, ukalitazama, kisha nikawa juu ya mabega yako na mikono yako yote miwili imenishika miguu. Gobole sikuliona tena. Hukuwahi kunitajia hata ukiwa na hasira. Niliinunua kwa sababu hiyo.

Maana nimeshainunua. Ni ile ya mti, ila nimeagiza yenye komeo kushoto, ndiyo, zipo, ilikuja baada ya wiki mbili. Kitako niliwaambia wakiache kwenye urefu wa uzi wako barabara. Nikiiweka mimi begani kidole changu hakifiki kwenye triga ila kwa kunyoosha shingo kama kuku anayekunywa maji. Heri alinitazama, kwanza akacheka, halafu akaacha kucheka. Yeye anataka chumba chako tumpe Reine, anasema mtoto anakua na analala sebuleni. Nimekataa. Tumenuniana siku nne.

Nenda kwa daktari wa macho. Ngoja kidogo tu. Watafungua safari tena, lazima wafungue.

Bernardine


Nyarugusu
23 Novemba 2025

Mwanangu Bernardine,

Marahaba. Mnisamehe kwa kuchelewa. Safari hii nimeandika polepole, mstari mmoja kisha napumzika, na mume wa Mama Kasika ameniwekea kamba juu ya karatasi niifuate. Utaona nimenyooka.

Ni kweli. Jicho la kulia liliondoka mwaka juzi, taratibu, nilidhani ni ukungu wa asubuhi ukawa hautoki mchana. Daktari amelitazama, amesema limechelewa. La kushoto linafanya kazi. Sikukuambia kwa sababu niliogopa mambo mawili. Niliogopa wale wa safari wataniandika mgonjwa wanitoe kwenye orodha. Na niliogopa wewe, ukisikia, utaanza kunihurumia kwa barua, na barua za huruma nazijua, nawaandikia watu kila Jumanne.

Bunduki kwamba ni yako, nilijua ni uongo toka barua ya kwanza. Wewe hata panya ulikuwa unamfungulia mlango. Lakini niliucheza mchezo wako kwa kuwa ulinipa kazi. Tangu uondoke hakuna mtu aliyeniuliza jambo ninalolijua. Kwa miezi hii nilikuwa nikilala nachagua bunduki. Asante kwa hilo, sikuwa na furaha kama hiyo tangu sijui lini.

Sasa kaa chini nikwambie la Mutambala, maana umelikumbuka vizuri lakini hukuona yote. Gobole sikulitupa majini. Nililiweka ukingoni, chini ya mzizi wa mti ulioinama, nikalifunika kwa majani, nikaliambia, kwa sauti kabisa, kesho nakurudia. Nilikuwa na miaka arobaini na minne. Tangu siku hiyo, Bernardine, liko pale linanisubiri. Chuma kimeliwa na kutu, mti umeliwa na mchwa, najua. Lakini mimi kila usiku wa mvua nasema, leo linalowa. Miaka ishirini na saba.

Bunduki moja inayonisubiri inatosha. Sitaki ya pili, nyuma ya mlango huko Eagan, na chumba chenye shuka ambazo hazijalaliwa. Hunifanyii hisani kwa hilo. Unanizidishia vitu vya kukesha navyo.

Kwa hiyo sikiliza, nasema kama mjomba na si kama rafiki wa kuandikiana. Mpe Reine chumba. Yazike hayo manung'uniko na mumeo, ni mtu mwema. Na hicho kitako, kikate. Pima mkono wako mwenyewe, upeleke kwa fundi, akikate kilingane na wewe, kisha uende ukawinde kabla msimu haujafungwa. Silaha ambayo haijawahi kupigwa ni mzigo wa kupanguswa vumbi.

Hilo duara chini ya ukurasa, pale wino ulipotawanyika, si machozi, usije ukajisifu. Nimeshika maji mdomoni nikayapuliza kwenye karatasi, kama mjomba anavyompulizia mwindaji mpya. Liweke juu ya bunduki hadi likauke tena. Basi, umebarikiwa.

Siwezi kukuambia kama nitakuja. Nataka kuja. Nataka sana, na hili sijawahi kuliandika. Ningependa kuuona huo mwaloni, na kukuona wewe ukinenepa.

Mjomba wako,
Callixte


Eagan
8 Februari 2026

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Heri anakusalimu, na safari hii ameniambia niandike kwamba anakuheshimu, neno ambalo sijawahi kumsikia akilitamka. Reine anasalimu kutoka chumbani kwako, ambacho sasa ni chake. Kitanda chako hakukitoa. Amekisogeza ukutani, analala yeye, na ule mchoro wenye kofia amechora mwingine kwa rangi, ameuweka juu ya mto. Miguu ameifupisha.

Barua yako ilifika siku tatu kabla ya Krismasi. Niliiweka juu ya bunduki kama ulivyosema, usiku kucha, kisha nikakaa wiki mbili nikiipita. Sikuweza. Nilijiambia nikikata nimekubali kwamba huji. Mwishowe Arvid, nilipokuwa namkata kucha, aliniuliza tena kama umefika. Nikasema bado. Akasema, "Basi nani anawinda kwa niaba yake?" Siku iliyofuata nikaenda kwa fundi.

Fundi alichora mstari kwa penseli, akaniuliza mara mbili kama nina uhakika, maana mti ukishakatwa umekatwa. Nikamwambia akate kwa msumeno mwembamba asipoteze unga mwingi. Vidole viwili, Mjomba. Hiyo ndiyo tofauti ya mkono wako na wangu. Ilinichukua mwaka mzima kufikia vidole viwili.

Komeo lakini halihamishiki. Liko kushoto na litabaki kushoto. Kwa hiyo ilinibidi nijifunze kulenga kwa bega la kushoto, na jicho la kulia nifumbe. Siku za kwanza nilipiga makopo ya jirani na kukosa yote. Nikitembea nimelifumba nilikuwa najikwaa kwenye mizizi, nikinywa chai ilimwagika. Halafu nikaelewa. Nilikuwa naona unavyoona. Tangu hapo hata nikiosha vyombo nafumba la kulia, na Reine ananicheka.

Jumamosi iliyopita tulikwenda, mimi na yeye, tumevaa fulana za rangi ya chungwa kama wafagiaji wa barabara. Theluji hadi magotini. Niliegemea mwaloni, sikutembea. Kindi alikuja akanikaripia sana. Nikamuacha akaripie. Meno yalikuwa yananigongana, na nilikuwa nakuita kwa jina, kimoyomoyo, nikikuuliza sasa? Sasa? Alipotulia nilifumba jicho lako, nikapiga. Hatua ishirini na mbili, Reine alizihesabu. Kichwani, Mjomba. Nyama yote salama.

Sikushangilia. Nilikaa kwenye theluji nikasema "tayari" kwa sauti, na mtoto akaniuliza, kwa Kiswahili, kwa mara ya kwanza maishani mwake, "Mama, unaongea na nani?" Nikamwambia. Akasema, "Mwambie na mimi nipo."

Nyama tulipika na nyanya, Arvid nikampelekea bakuli, alikula akiwa amefumba macho. Kidari hakikuguswa. Kimefungwa kwenye karatasi mbili na mfuko, kiko kwenye friza, na Reine amekiandika kwa kalamu nyeusi: YA MJOMBA, ASILE MTU. Heri akitafuta samaki anakisogeza kwa mikono miwili. Kitakaa. Umeme wa huku haukatiki ovyo.

Sasa fungua kitambaa alichokupa Bagalwa, anayerudi tena kwa mama yake, pamoja na barua hii. Hicho kipande cha mti, chenye upana wa vidole viwili, ndicho kilichokatwa. Kisugue kwa majani makavu kiwe laini, utajua mwenyewe. Nyuma yake utaona matundu mawili, aliyatoboa fundi, na kitako kilichobaki kwangu kina matundu mawili kama hayo. Skrubu zake ninazo mimi, ziko kwenye kikombe juu ya friza. Aliniambia ni kazi ya dakika tano kukirudisha, kwa mkono, bila gundi.

Ulisema hutaki kitu kinachokusubiri. Haya, hakuna kinachokusubiri hapa. Bunduki inatumika, chumba kinalaliwa. Hiki ndicho kinachosubiri, na unacho wewe. Siku watakapokuita, usikitie kwenye begi, mabegi yanapotea. Kije mfukoni.

Mpwa wako, mwindaji,
Bernardine